Kwa Bibi, kila mtoto na Sabato yake

Jikoni kwa Bibi kulikuwa na sinki mbili, moja ya vyombo vya nyama na nyingine ya vyombo vya maziwa. Sahani za nyama zilikuwa na mstari wa buluu ukingoni, za maziwa zilikuwa nyeupe tupu, na chini ya nyumba, chumba cha stoo, kulikuwa na maboksi yenye seti mbili nyingine ambazo hazikuguswa ila wiki ya Pasaka ya Kiyahudi. Niliajiriwa kumhudumia Bibi, mzee wa Kiyahudi, kumpa dawa na kumsaidia kuoga, lakini kitu cha kwanza nilichofundishwa ni hicho cha vijiko.

Kwa jiko la namna ile nilitarajia mwanawe mkubwa, mshika dini kuliko wote katika familia, ale kwa mama yake bila wasiwasi. Wapi! Alikuja na chakula chake kimefungwa kwa foili mara mbili, kikapashwa moto ndani ya oveni kikiwa bado kimefungwa, akakila kwenye sahani ya karatasi kwa uma wa plastiki, mkabala na mama yake aliyekuwa akila kwenye sahani ya mstari wa buluu. Wote wawili walikuwa wanakula kosheri, yaani chakula kilicho halali kwa sheria ya Kiyahudi. Wote wawili walisoma baraka zilezile, kwa Kiebrania kilekile.

Nilikaa kwenye nyumba ile, huko New Jersey, mpaka Bibi alipofariki, na tangu hapo kila nikisimulia habari zake naulizwa swali moja: sasa kati yao, Wayahudi wa kweli ni wepi? Nami nilianza na swali hilohilo. Kichwani nilikuwa nimewapanga wote kwenye ngazi: juu kabisa kifunguamimba, ambaye ni Mworthodoksi, wa tawi la Kiyahudi linaloshika sheria yote, katikati Bibi, Mkonsavativu, wa tawi lenye msimamo wa kati, chini binti wa kati na kitindamimba, ambao wanasali na Wayahudi wa Mageuzi, wanaomwachia kila mtu achague la kushika. Ngazi hiyo haikudumu.

Tuanze na jibini, maana jibini ndiyo iliyomwondoa mtoto kwenye sufuria za mama yake. Kwa jadi jibini hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho asili yake ni tumbo la ndama. Mnyama asiyechinjwa kwa sheria haliwi, na nyama haichanganywi na maziwa, kwa hiyo Mworthodoksi hanunui jibini isiyo na mhuri wa msimamizi wa kosheri. Marabi wa Kikonsavativu waliliangalia jambo hilo, wakaona kimeng'enya kile kimebadilika kiasi kwamba hakiwezi tena kuhesabiwa kuwa nyama, wakaruhusu. Bibi alinunua jibini ya kawaida kwa ruhusa hiyo, wala hakuwa mzembe. Lakini kwa mwanawe, jibini hiyo ikishapita kwenye sufuria, sufuria imeharibika, na ikipita kwenye oveni, oveni nayo imeharibika. Ndiyo sababu ya foili mara mbili.

Bibi hakuzoea. Kifunguamimba hakuzaliwa Mworthodoksi. Aliingia huko akiwa chuo kikuu, na mama aliyemnyonyesha na kumpikia miaka yote alijikuta ghafla jiko lake halitoshi. Wazazi wa Bibi walitoka Frankfurt, na Wayahudi wa Ujerumani wana desturi ya kusubiri saa tatu baada ya kula nyama ndipo waguse maziwa. Kijana alirudi kutoka kwa walimu wake akisubiri saa sita. "Ina maana babu yako alikuwa anakula haramu?" Bibi alimuuliza siku moja mbele yangu. Jamaa akasema hapana, desturi ya babu ilikuwa halali kwa babu. Bibi akanigeukia kana kwamba mimi ndiye hakimu. Nikaenda kuangalia chai.

Ilibidi nijue watu hawa waligawanyikaje, na mwalimu wangu alikuwa binti, aliyependa historia kuliko nduguze. Matawi haya ni ya juzijuzi tu. Yalitokea Ujerumani wakati milango ya vyuo, biashara na uraia ilipoanza kufunguka kwa Wayahudi, nao wakaulizana kipi wabaki nacho. Mwaka 1818 kundi la Hamburg lilifungua hekalu lenye kinanda, mahubiri ya Kijerumani, na kitabu cha sala kilichobadilisha zile sala za kuomba kurudi Sayuni. Wazee wa dini wakawaka. Mwaka 1851 rabi Samson Raphael Hirsch alikwenda Frankfurt kuongoza jumuiya iliyokusudia kushika sheria yote bila kupunguza, huku ikisoma elimu ya Kijerumani waziwazi. Zacharias Frankel, kule Breslau, akaongoza chuo cha marabi kuanzia 1854 kwa msimamo wa kati: sheria imekuwa ikikua ndani ya historia, lakini haikatwi ovyo. Kwa hiyo hata Waorthodoksi kama kundi lenye jina lao walizaliwa ndani ya ugomvi huo. Kabla yake kulikuwa na Wayahudi tu, wengine wakishika sana na wengine kidogo, wote chini ya rabi wa mji.

Kisa alichokipenda binti kuliko vyote kilitokea Cincinnati, Marekani, Julai 1883. Chuo cha marabi kilichoanzishwa na Isaac Mayer Wise kilikuwa kinasherehekea wahitimu wake wa kwanza, na wageni walitoka pande zote, wa mageuzi na wa jadi. Karamu ikaletwa: chaza, kaa, kamba, miguu ya vyura, nyama, na baada ya nyama aiskrimu na jibini. Nguruwe tu ndiye hakuonekana. Husimuliwa kwamba baadhi ya marabi waliinuka na kuondoka. Miaka miwili baadaye, mjini Pittsburgh, marabi wa Mageuzi walitangaza kwamba sheria za chakula na mavazi ni za zama zilizopita na hazimjengi tena Myahudi wa leo. Mwaka 1886 waliokuwa hawataki kufika huko walianzisha seminari yao New York, ambayo ndiyo ikawa nyumba ya Wakonsavativu. Binti alikuwa akifika kwenye miguu ya vyura anacheka hadi machozi, halafu anaongeza kwamba yeye mwenyewe hali kamba wala kaa. Kwa nini, na tawi lake linaruhusu? "Kwa sababu nimeamua," alisema.

Neno hilo ndilo lililonifungua macho. Kwa muda mrefu nilisikia "nimeamua" kama lugha ya mtu asiyeshika. Lakini kwa binti lilikuwa ndilo wajibu wenyewe: Myahudi wa Mageuzi anapaswa kusoma, kupima, kisha kuchagua lipi analibeba, na asimsukumie mtu mwingine mzigo wa kuchagua. Alifunga Yom Kippur, siku ya toba, saa zote 25 bila tone la maji, akaacha mshahara wa siku hiyo. Na lilikuwepo jambo moja ambalo hakulegeza hata kidogo: hakukubali kukaa nyuma ya pazia. Katika sinagogi la kaka yake wanawake hukaa upande wao, nyuma ya kizuizi. Mtoto wa kaka alipotimiza miaka 13 na kuitwa kusoma Torati, shangazi mtu alikwenda, akasimama ukumbini nje ya mlango, akasikiliza kisomo chote kwa miguu, na hakuingia. Huyo ndiye niliyekuwa nimemweka chini kabisa.

Bibi naye alikuwa na kamati. Wakonsavativu wana Kamati ya Sheria na Viwango vya Kiyahudi, marabi 25 wenye kura, ambao wakiletewa swali huandika waraka, kwa marejeo ya Talmud, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi, na wafafanuzi wake, kisha wanapiga kura. Waraka ukipata kura sita tu, unakuwa msimamo halali, na rabi wa kila sinagogi anaweza kuufuata au kufuata mwingine. Matokeo yake ni kwamba kauli mbili zinazopingana zinaweza kuwa halali kwa wakati mmoja. Desemba 2006 walipojadili suala la mashoga, pamoja na kusomea kwao urabi, waraka wa kuruhusu na waraka wa kukataza yote miwili ilipita. Kwangu huo ulikuwa mfumo wa ajabu kabisa, na bado nafikiri una kasoro kubwa: mtu wa kawaida hajui asimame wapi. Bibi aliuona wa kiungwana. Alisema Talmud nayo imejaa hoja za walioshindwa, hakuna aliyezifuta.

Kifunguamimba hakuwa na kamati, alikuwa na namba ya simu ya rabi wake. Kidonge cha mama kina wanga, kinamezwaje wiki ya Pasaka, wakati kilichochachuka kimekatazwa? Alituma ujumbe, akajibiwa meza, akanipa kidonge. Msimfikirie kwa koti refu jeusi na kofia ya manyoya. Ni mhandisi, huvaa kikofia cha kufuma, anafuatilia mpira wa kikapu kuliko mimi. Maziwa alinunua ya kawaida, akitegemea kauli ya rabi Moshe Feinstein kwamba usimamizi wa serikali ya Marekani unatosha kuhakikisha hayakuchanganywa na ya mnyama asiyeruhusiwa. Majirani zake Waharedi, Waorthodoksi wakali zaidi, hawanywi hayo. Wao hutaka maziwa ambayo Myahudi ameshuhudia yakikamuliwa, na machoni pao yeye ndiye mlegevu. Yaani hata huyo wa juu kabisa ana watu juu yake.

Sabato ndipo tofauti zilipoishi nasi nyumba moja. Kifunguamimba hakuendesha gari tangu Ijumaa jua linapozama hadi nyota zionekane Jumamosi, kwa hiyo akitaka Sabato na mama yake ilibidi aje Ijumaa mchana na alale. Akifika tu, alikuwa na orodha: kubandika utepe kwenye swichi ya taa ya friji isiwake mlango ukifunguliwa, kutega saa ya kuzima taa za sebuleni, kuweka sahani ya umeme ya kuhifadhi joto la chakula, kuchana karatasi za chooni kabla. Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmud, inataja aina 39 za kazi zilizokatazwa, na kuchana, kuandika, kuwasha na kupika zimo. Umeme, bila shaka, haumo. Balbu yenye waya unaowaka ikahesabiwa kuwa moto. Kwa vingine marabi wametoa sababu mbalimbali, mmoja maarufu akisema kuunganisha mzunguko wa umeme ni aina ya kujenga. Sababu hazifanani, katazo ni moja.

Bibi aliwasha mishumaa dakika 18 kabla ya jua kuzama, sawa na mkwewe Mworthodoksi, mke wa kifunguamimba, kisha akawasha taa ya chumbani kwa kidole chake. Mwaka 1950 marabi wa Kikonsavativu walikubali kwamba umeme si moto, na kwamba anayeishi mbali anaweza kuendesha gari siku ya Sabato kwenda sinagogi na kurudi. Kwenda sinagogi tu, si madukani. Vita vilikuwa vimekwisha, familia zilihamia vitongojini, na marabi waliogopa kwamba asiyeruhusiwa kuendesha gari hatakuja kabisa. Wapo ndani ya tawi hilohilo wanaojuta, kwa sababu watu walisikia "endesha" wakasahau "kwenda sinagogi", na jumuiya ya waumini wanaoishi jirani kwa jirani ikatawanyika. Wenzao wa Israel, wanaoitwa Masorti, hawakuifuata ruhusa hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa Bibi Jumamosi asubuhi. Tukitoka, mwanawe alikuwa ameshaondoka kwa miguu kwenda sinagogi la Waorthodoksi, na mara nyingine tulimpita njiani. Bibi alimpungia mkono kupitia dirishani, naye akajibu. Nilipunguza mwendo kwa heshima, ingawa sijui ilikuwa heshima kwa nani.

Binti yeye aliwasha mishumaa akifika kutoka kazini, hata saa mbili usiku. Kwa kaka yake huko ni kuwasha moto ndani ya Sabato, heri asingewasha. Kwa binti, mishumaa ilikuwa ni ya kuwaketisha watu mezani, na hawawezi kuketi kabla hawajafika.

Halafu ikatokea Jumamosi Bibi alipoanguka bafuni. Nilikuwa naye, simu mfukoni. Kifunguamimba alisikia kishindo, akaingia, akaona damu, na kabla sijatoa simu yangu yeye alishakimbilia ya mezani na kupiga namba ya dharura. Huyo ambaye hakugusa swichi ya friji! Akapanda gari la wagonjwa pamoja naye. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakuniachia mimi, nisiye Myahudi, nisiyevunja chochote. Akaniambia kwamba kuokoa uhai kunaisukuma Sabato pembeni, na kwamba Talmud inaagiza kazi hiyo isiachiwe wageni wala watoto, ifanywe na wakubwa wa Israeli wenyewe, mtu asije akadhani ni jambo la kufanywa kwa kusitasita. Lakini hospitali, daktari aliposema mama hayuko hatarini tena, akaletewa fomu ya kutia saini, na hapo jamaa akarudisha mikono mfukoni. Kuandika ni miongoni mwa zile 39 na hatari imekwisha. Karani alimtazama kama mwendawazimu. Tukamsubiri binti, akaja kwa gari, akatia saini, na kaka mtu akabaki hospitali akiwa na njaa mpaka usiku ulipoingia ndipo akapanda gari kurudi. Sijawahi kuona mtu anavuka mpaka na kurudi ndani yake kwa uhakika kiasi kile.

Kwenye shughuli ndogondogo alinielekeza pia. Taa ya chumba chake ikisahaulika, hakuniomba niizime. Kitu cha mgonjwa aliniomba wazi, kwa kuwa kwa ajili ya mgonjwa wanaruhusiwa kumwomba asiye Myahudi. Basi nilijifunza: akinyamaza, ni yake, akisema, ni ya Bibi.

Pasaka nitaipitia haraka, ingawa wao huiandalia wiki kadhaa kwa kusugua nyumba. Mkate na kila kilichochachuka huondolewa. Hapo matawi yote yanafanana kwa jina, yakitofautiana kwa kiasi. Mvutano nyumbani kwetu ulikuwa mchele. Wayahudi wengi wa asili ya Ulaya walijizuia kwa karne nyingi kula mchele, mahindi na kunde wakati wa Pasaka, lakini mume wa binti ni mtoto wa Wayahudi waliotoka Iraq, na kwao Pasaka bila wali haijawahi kuwapo. Mwaka 2015 ile kamati ya Wakonsavativu iliruhusu mchele na kunde kwa wote. Nilimsomea Bibi habari hiyo. "Kamati imeruhusu," akasema, "mama yangu hajaruhusu." Mama yake alikuwa amekufa miaka mingi. Mchele haukupikwa. Siku ya nane binti na mumewe walikuwa wanakula mkate kwao, maana watu wa Mageuzi na Wayahudi wote walioko Israel hushika siku saba, huku Bibi na kifunguamimba wakitafuna mikate isiyochachuka siku moja zaidi, desturi iliyobaki tangu nyakati ambapo habari za mwezi mwandamo kutoka Yerusalemu zilichelewa kuwafikia walio mbali.

Huyo mkwe wa asili ya Iraq, aliyekulia Israel, alikuwa akituona sote watu wa kuchekesha. Kwao Ijumaa usiku baba alisoma kidushi, baraka ya Sabato, kwa divai, Jumamosi asubuhi wakaenda sinagogi, mchana wakaenda uwanja wa mpira kwa gari. Hakuna aliyewaita Wakonsavativu wala Wanamageuzi. Matawi haya yalitokea Ulaya, yakakua Marekani, na Wayahudi wa Baghdad au Yemen hawakupitia ugomvi ule. Israel watu hujigawa kwa namna nyingine: hiloni wasioshika dini, masorti washikao mila (hapa neno hilo si lile tawi la Wakonsavativu), dati washikao dini, na haredi walio wakali zaidi. Lakini ndoa ya Myahudi ndani ya nchi ile iko mikononi mwa Urabi Mkuu, ambao ni wa Kiorthodoksi, na rabi wa Mageuzi akifungisha ndoa pale serikali haiitambui. Marekani mambo yamegeuka: utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2020 ulikuta asilimia 37 ya Wayahudi watu wazima wanajitaja kuwa wa Mageuzi, 17 Wakonsavativu, 9 Waorthodoksi, na 32 hawana tawi lolote mahususi.

Kwenye sinagogi la Bibi, baada ya sala, watu walinifuata na kikombe mkononi kuniuliza kama nawajua Abayudaya. Nilikuwa siwajui. Ni jumuiya ya karibu na Mbale, Uganda, iliyoanzia kwa Semei Kakungulu mwaka 1919, alipoisoma Biblia na kuamua kushika Torati. Mwaka 2002 marabi wa Kikonsavativu walikwenda huko wakawapitisha mamia yao katika utaratibu rasmi wa kuingia Uyahudi, na kiongozi wao Gershom Sizomu akahitimu urabi Los Angeles mwaka 2008. Baadhi yao hawakuridhika, wakatafuta uongofu wa Kiorthodoksi, kwa sababu Mworthodoksi haitambui mahakama ya marabi isiyo ya Kiorthodoksi. Wazee wale wa New Jersey walidhani wananipa habari ya kwetu. Walichonipa ni ufunguo wa jambo lililokuwa likija nyumbani kwao.

Kitindamimba alioa mwanamke asiye Myahudi. Kwa sheria ya jadi Uyahudi hufuata mama. Mwaka 1983 marabi wa Mageuzi wa Marekani walitangaza kwamba mtoto wa baba Myahudi naye huhesabiwa, ilimradi analelewa katika maisha ya Kiyahudi. Waorthodoksi hawakukubali, Wakonsavativu pia hawakukubali. Mwana wa kitindamimba alilelewa hekaluni, yaani kwenye sinagogi la Mageuzi, tangu akiwa mchanga, akasoma Torati mbele ya watu akiwa na miaka 13, na sauti nzuri anayo kuliko binamu zake. Bibi alikuwa amekaa mstari wa mbele akilia. Sinagogi la Bibi mwenyewe lisingempandisha kusoma.

Bibi alipofariki, walikaa shiva, zile siku saba za maombolezo, nyumbani kwake. Jioni ya kwanza ilipofika saa ya sala ili waliofiwa waseme kadishi, sala ya wafiwa inayotaka wawepo Wayahudi kumi, kifunguamimba alisimama kuhesabu. Hawapendi kuhesabu watu kwa namba, kwa hiyo hutumia aya ya Zaburi 28:9, ambayo kwa Kiebrania ina maneno kumi, neno moja kwa kila mtu. Alijitaja yeye, wanawe wawili, mdogo wake, shemeji yake wa asili ya Iraq, na wanaume watatu marafiki wa familia. Aya ikakatika kwenye neno la nane.

"Tumeshapita kumi," akasema mama mmoja, rafiki wa Bibi wa sinagogini. Yeye, binti, na mke wa kifunguamimba walikuwa wamekaa palepale, na kwa Wakonsavativu wanawake wanaweza kuhesabiwa tangu kamati yao ilipoamua hivyo mwaka 1973. Kwa hesabu yake walikuwa 11. Mke wa kifunguamimba mwenyewe akatikisa kichwa, hakutaka kuhesabiwa. Kitindamimba akasema, kwa sauti ya chini, kwamba wote wawili wamemruka mwanawe. Kwa hesabu yake walikuwa 12, na wala hekalu lake halisimamishi sala kwa sababu ya kumi. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta nikiwa na viti vya kuongeza, nje ya hesabu zote tatu.

Mkwe wa asili ya Iraq ndiye aliyetoka nje na kupiga simu. Walikuja wanaume wawili kutoka sinagogi la kifunguamimba, wakiwa wamevaa makoti juu ya nguo za nyumbani, na sala ikaanza. Kadishi waliisema watoto wote watatu, binti kwa sauti kubwa kuliko kaka zake. Yeye alirudi kazini baada ya siku tatu, kama wanavyofanya wengi wa tawi lake. Kitindamimba, wa tawi hilohilo, alikaa zote saba kwenye kiti kifupi, viatu vya ngozi havikumgusa.

Kijana hakusema kitu usiku ule. Tulizungumza baadaye, wakati nafungasha vyombo vya Bibi. Shangazi yake amemshauri aende kwa mahakama ya marabi wa Kikonsavativu, azame kwenye mikve, bwawa la kujitakasa, na hapo sinagogi la bibi yake litamhesabu bila swali. Baba yake hataki kusikia, kwake kuongoka ni kukiri kwamba mtoto hakuwa Myahudi siku zote hizo. Baba mkubwa, kwa upole kabisa, amemwambia kwamba mikve ya Wakonsavativu haitabadilisha chochote kwake, na mahakama ya Waorthodoksi itamtaka ashike Sabato na kosheri kamili ndipo impokee. Kijana alinieleza yote hayo huku akifunga sahani za mstari wa buluu kwa magazeti, kisha akaniuliza ningekuwa yeye ningefanya nini.

Nilimwambia nisingeingia majini kwa ajili ya mtu mwingine. Na kuhusu baba mkubwa asimuwekee kinyongo, kwani dada yake wa tumbo moja, ambaye hakuna anayeutilia shaka Uyahudi wake, pia hamhesabu.